Shangazi, likizo ilinishinda siku ya pili

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa saba na robo usiku. Mke wangu na binti yetu wamelala. Kompyuta nimeifunga sasa hivi, macho yanawasha, lakini usingizi hauji. Nikaona bora nikuandikie wewe kuliko kuifungua tena.

Nina miaka 39. Ni mhasibu katika ofisi ya watu kama 60 hivi, nashughulikia mishahara na malipo ya wanaotuletea bidhaa. Kazi yangu naipenda, na hilo nataka ulijue mapema, maana kila ninayemweleza huanza kwa kuniambia nitafute kazi nyingine. Ile raha ya kuona hesabu zimelingana pande zote mbili mwisho wa mwezi sijaipata kwingine.

Miezi minane iliyopita mwenzangu tuliyekuwa tukigawana kazi aliacha. Tuliambiwa atatafutwa mtu. Hajapatikana, na mimi nikashika mafungu yote mawili kwa muda. Huo "muda" ndio huu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, saa moja asubuhi niko mezani, natoka saa moja jioni. Nyumbani nakula, namlaza mtoto, saa nne usiku nafungua kompyuta mpaka saa saba. Jumamosi naenda nusu siku. Kwa jumla ni saa ngapi kwa wiki sijawahi kuhesabu. Naogopa kuhesabu.

Wala bosi hanisukumi. Hajawahi kuniambia nijibu ujumbe usiku. Ni mimi. Simu nailaza chini ya mto, ikitetemeka naamka. Nimeshawahi kujifungia bafuni kujibu barua pepe, bomba nimelifungua maji yanamwagika ili mke wangu adhani naoga.

Mwezi uliopita nilipeleka benki orodha ya mishahara ikiwa na kosa. Kwa mfanyakazi mmoja tarakimu mbili zilipishana, penye 63 nikaandika 36. Kinachonisumbua ni kwamba mstari ule niliusoma mara tatu usiku ule. Nakumbuka kabisa. Macho yalipita juu yake, kichwani hakikuingia kitu. Aliyeliona kosa ni kijana aliyekuja kujifunza kazi, hana hata mwaka. Lilirekebishwa siku hiyohiyo na hakuna aliyenigombeza. Lakini tangu hapo kila kitu nakikagua mara mbili, vingine mara tatu. Hata zile kazi ndogo nilizokuwa nimempa kijana nimezichukua tena, maana nikimwachia sipati amani. Ukaguzi huo peke yake unakula kama saa mbili kwa siku.

Bosi akanipa likizo ya siku tano. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili kichwa kikauma, mikono haitulii, nikawa nazunguka nyumbani nafungua makabati na kuyafunga. Saa kumi jioni nikafungua kompyuta "kuangalia tu". Shangazi, nilipumua! Kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Siku tatu zilizobaki nilifanyia kazi chumbani. Mke wangu alikuja mara moja, akaniona, hakusema neno, akaufunga mlango taratibu. Ukimya ule unanitisha kuliko ugomvi.

Binti yetu ana miaka sita. Juzi nilimkuta amewapanga wanasesere wake mstari, ameweka kipande cha ubao sikioni, anawaambia: "Subirini kidogo. Subirini kidogo, namalizia." Alikuwa anacheza kuwa mimi.

Zamani nilikuwa mtu wa utani. Siku hizi mtu akija mezani kwangu kuulizia malipo yake, kabla hajafungua mdomo nimeshamchukia. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi nikiwa barabarani huwa natamani nipate ajali ndogo. Si kufa. Mguu tu uvunjike, nilazwe wiki moja, nilale bila mtu kuniuliza chochote.

Ninachokuomba ni mbinu ya kuhimili. Wapo watu wanaofanya kazi kunizidi na wanacheka. Nikirudiwa na nguvu zangu za zamani, naamini mafungu haya mawili nayaweza.

Hili la mwisho sijui kwa nini naliandika. Nilipokuwa darasa la nne baba alipunguzwa kazini. Alikaa nyumbani karibu miaka miwili, kwenye kiti kimoja karibu na dirisha. Mama akipita na shughuli zake alikuwa anamzunguka kama mtu anavyoizunguka meza. Kiti kile nakiona mpaka leo.

Wako,
Mwenye Simu Chini ya Mto

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu, nikapiga mstari chini ya sentensi tatu: ile ya ajali, ile ya kupumua ulipofungua kompyuta, na ile ya kiti cha baba. Nitazifikia zote. Ila nianze na ulichoomba, kwa sababu ndipo ninapotaka tutazamane vizuri.

Unaomba mbinu ya kuhimili. Kwenye barua nzima hukuomba mahali popote mzigo upungue, umeomba mabega yapanuke. Sikulaumu. Mtu aliyezoea kuweza, siku akishindwa huona kilichoharibika ni yeye. Lakini acha nikuhesabie zile saa ulizoogopa kuzihesabu. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, siku tano, halafu saa tatu kila usiku, halafu Jumamosi. Hata nikikutolea saa moja ya kula kila mchana, hazipungui 75 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao wa pamoja kuhusu saa ndefu za kazi. Walilinganisha watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki na wale wa saa 35 hadi 40. Kwa wale wa saa nyingi, hatari ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa juu kwa asilimia 17. Wewe 55 umeshaipita kwa saa 20. Sikutajii haya nikutishe. Nataka ujue kwamba unaposema umechoka, mwili wako haukusingizii.

Sasa lile kosa la 63 na 36, maana naona limekuumiza kuliko unavyokiri. Unaamka saa kumi na moja alfajiri. Watafiti huko Australia mwaka 1997 walipima watu waliokaa macho mfululizo, wakaona kwamba baada ya saa 17 hivi utendaji wao ulishuka ukafanana na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabu mwenyewe, wewe ni mhasibu. Saa 17 tangu kumi na moja alfajiri zinatimia saa nne usiku, saa ileile unayofungua kompyuta kukagua mishahara ya watu. Mstari ule uliusoma mara tatu na hukuuona, nami ningeshangaa kama ungeuona. Kwa hiyo unaposema tangu siku ile umeongeza ukaguzi, naomba nikuulize kwa upole: kosa lililozaliwa na uchovu, unalizibaje kwa saa mbili zaidi za uchovu?

Kuna mwanauchumi wa chuo kikuu cha Stanford, John Pencavel, ambaye mwaka 2014 alizifukua kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na kazi yao ilihesabika kipande kwa kipande. Aligundua kwamba wiki ikishapita saa 50 hivi, kila saa iliyoongezwa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia. Wiki ya saa 70 ilitofautiana kidogo sana na wiki ya saa 56 kwa kazi iliyotoka. Mimi huwafikiria sana wanawake wale. Saa 14 za kusimama mbele ya mashine, mbali na watoto wao, na mwisho wa wiki rundo likawa karibu lilelile.

Halafu huyu kijana. Mwanangu, umemnyang'anya kazi mtu pekee aliyeliona kosa! Najua kwa nini. Kila ukimtazama unakumbuka siku ile. Lakini tazama upande wa pili, kwamba ofisini kwako kuna jozi moja ya macho yaliyolala usiku, na umeyaondoa mezani.

Unasema wapo wanaofanya kazi kukuzidi na wanacheka. Inawezekana. Ila unawaona wakiwa ofisini. Nina hakika hata wewe kuna mtu hapo anakusifu kwamba hujawahi kulalamika, naye hajui habari za bomba la maji.

Hali yako ina historia, na nitakueleza kidogo kwa sababu naamini itakupunguzia aibu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu watu wa kujitolea katika kliniki ya bure mjini New York, ambako yeye mwenyewe alikuwa akitoa huduma. Aliwaona wakichakaa mmoja baada ya mwingine, kisha yakamfika na yeye. Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wategaji, walikuwa wale waliojitoa kwa moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza uchovu huu wa kazi kwa alama tatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huna ufanisi tena. Halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo. Usingizi usiokuja ukiwa hoi, mtu unayemchukia kabla hajafungua mdomo, hesabu unazozikagua mara tatu kwa kutojiamini... naziona alama zote tatu kwenye barua yako. Hata hivyo mimi si daktari wako. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, shinikizo la damu na sonona vyote vinaweza kuja na uchovu unaofanana na huo. Nakuomba ukapimwe wiki hii, na umweleze daktari saa zako za kulala bila kuzipamba.

Umweleze na habari ya ajali pia. Mwanangu, hapo ndipo kalamu yangu ilipokandamiza zaidi. Nimewahi kuletewa sentensi hiyo na watu wengine, karibu kwa maneno hayohayo: si kufa, mguu tu. Nami nimejifunza kuisikiliza kama ombi la ruhusa. Unatamani kulazwa kwa sababu mgonjwa ndiye mtu pekee unayemruhusu kulala. Ila wazo kama hilo halikai mahali pamoja. Ikitokea siku moja limebadilika, ukaanza kutamani usiamke kabisa, siku hiyohiyo mwamshe mke wako umwambie, na muende hospitali. Usilingoje lipite lenyewe, na usiniandikie mimi kwanza, barua huchelewa.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Ningependa uchukue karatasi, ugawe kila unachokifanya kwa wiki katika mafungu mawili: ulichopewa na ulichookota. Kazi ya mwenzako aliyeondoka umepewa, ingawa hakuna aliyekupa kwa mdomo, maana miezi minane si "muda" tena, ofisi imeshazoea kulipa mtu mmoja kwa kazi ya wawili. Kujibu ujumbe wa usiku umeokota. Ukaguzi wa tatu umeokota. Kazi za kijana umeokota. Nasisitiza mafungu mawili kwa sababu watu wamezoea kuona moja tu. Kuna watakaokwambia tatizo ni akili yako, jifunze kutulia, na ofisi ikatoka safi. Wengine watakwambia tatizo ni ofisi, na ile simu iliyo chini ya mto ikasahaulika. Christina Maslach, ambaye amechunguza jambo hili kwa miaka mingi pamoja na mwenzake Michael Leiter, anataja sehemu sita za kazi zinazochosha watu zikiharibika: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua mambo yako, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyaamini. Zisome hizo sita taratibu. Ni ngapi kati yake mtu anaweza kuzirekebisha kwa kulala mapema tu?

Na likizo? Unaona ilikushinda. Mimi naona ilikuonyesha kitu. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika kwamba watu huzikumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko walizomaliza. Kichwa hung'ang'ania kilichobaki wazi. Uliondoka ofisini ukiwa na mambo arobaini wazi, hukumkabidhi mtu hata moja, ukakaa nyumbani umeyabeba yote. Kupumua kule ulipofungua kompyuta kulikuwa kwa kweli, sikubishii. Ila chunguza kulidumu muda gani. Mtu anayejikuna pele naye hupumua. Mwaka 2011 watafiti wawili, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba si lazima umalize kazi ili kichwa kiiachie. Ukiandika mpango mahususi wa lini na vipi utaiendea, ile kero inapungua sana. Mimi hili nalitumia. Dakika kumi za mwisho kabla sijainuka mezani naandika kwa mkono nimeishia wapi na kesho naanza na mstari upi. Mwanzoni niliona kama mchezo wa watoto. Siku nisipoandika, barua za watu nalala nazo.

Sasa kiti cha baba.

Umesema hujui kwa nini uliliandika. Nami sitajifanya najua yaliyo moyoni mwako kukuzidi, nitakuuliza tu. Yule mtoto wa darasa la nne alipomwona mama akimzunguka baba kama meza, alijiapiza nini? Kama aliapa kwamba yeye hatakaa kamwe, basi nadhani likizo ilikushinda kabla hata hujaianza. Baba alikaa kwa sababu alinyimwa kazi. Wewe ukikaa jioni moja na binti yako hujanyimwa kitu, ila mwili wako haujaijua tofauti hiyo bado, unaona kiti, unakimbia. Na kuna jambo nimeliona nikasita kuliandika, lakini naliandika kwa kuwa nakupenda. Mama yako alimzunguka mtu aliyekosa kazi. Mke wako aliufunga mlango taratibu kwa mtu aliyezama kazini. Mimi nikisoma naona kama nyumba mbili zinafanana. Wewe unaonaje?

Kama baba yu hai, umewahi kumuuliza ile miaka miwili aliionaje? Wewe ulimwona kwa macho ya mtoto. Huenda alipokuwa dirishani alikuwa anafanya jambo ambalo hukuweza kuliona kwa umri ule.

Unaweza kufanya nini? Njia zipo, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kwenda kwa bosi. Si kulia umechoka, bali na ile karatasi ya mafungu mawili, na swali moja: "Katika hivi, kipi kisubiri mpaka mtu apatikane?" Swali hilo humlazimu mtu kuchagua. Bosi aliyekupa likizo bila kuombwa huenda ameshaona. Hatari ni kwamba atakujibu "vyote ni muhimu", au ataanza kukuona dhaifu. Zipo ofisi za hivyo, siwezi kukuahidi yako si mojawapo. Kabla hujaenda soma mkataba wako unasemaje kuhusu saa za kazi na ovataimu, ili uwe na pa kusimama. Na usiende na aibu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu jambo hilihili: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa kazi za viwandani. Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana kwenye simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Unachotaka kuomba wameshakiomba watu wengi kabla yako.

Unaweza kuanza na lile fungu uliloliokota, kimyakimya, bila kumwomba mtu. Usiku mbili kwa wiki kompyuta isifunguliwe, simu ilale sebuleni, saa ya kukuamsha ununue ile ya mezani. Nasema mbili kwa sababu ukisema zote utavunja siku ya tatu na utajidharau. Hapa mwiba ni ule uliokuchoma siku ya pili ya likizo: mikono itataka kazi, kichwa kitauma, utaona kama unafanya dhambi. Na kuna kitu kitachelewa kweli. Mtu atauliza mbona hukujibu jana. Jibu lake ni "nimeliona asubuhi hii", basi, bila maelezo ya ziada. Ila huku peke yake hakutoshi kama lile fungu ulilopewa limebaki palepale. Utakuwa umezihamishia saa zile za usiku alfajiri.

Unaweza kuomba mapumziko marefu, pengine kwa cheti cha daktari. Kuna wakati hayakwepeki, na daktari akisema hivyo msikilize. Ila ukirudi kwenye meza ileile yenye kazi ya watu wawili, raha ya likizo haitamaliza mwezi.

Kuacha kazi ipo pia, ingawa umeshachoka kuambiwa. Mimi sikwambii uache wala ubaki. Nakuomba tu uamuzi wa ukubwa huo usiufanye saa saba usiku, wala katika mwezi huu ambao kwa usiku mzima unapata saa nne tu za usingizi. Kumbuka pia kwamba lile fungu la kuokota utaondoka nalo. Kwenye ofisi mpya litakuwa limeshafika kabla hujapewa kiti. Na kama baada ya kujaribu yote ofisi inakataa kabisa kuajiri mtu wa pili, hapo swali la kuondoka linakuwa swali lingine, nami nitakaa nawe tulizungumze.

Kwa mke wako usiende na ahadi. Nadhani ameshasikia za kutosha, ndiyo maana alifunga mlango bila kusema. Mwambie ya bafuni na ya ajali. Itakuwa ngumu, na anaweza kukasirika, hasa kwa lile bomba. Mpe nafasi akasirike. Halafu muulize jioni gani mbili yeye angezichagua, kwa kuwa wewe mwenyewe utachagua zile ambazo kazi ni chache.

Kama ungeniuliza mimi ningeanzia wapi kesho asubuhi, ningeanzia kwa kijana. Mrudishie kazi moja, ile unayoiogopa kidogo kuliko zote. Mwambie aikague, asaini, aipeleke, nawe usiifungue tena. Mchana utaona kidole kinataka kuifungua. Inuka, tembea, nenda ukanywe maji.

Na usiku wa kwanza ukiiacha simu sebuleni, mkono utaingia chini ya mto wenyewe saa nane hivi na kukuta shuka tupu. Ukiamka, kaa kidogo kitandani. Baada ya wiki tatu niandikie, mchana ikiwezekana, unieleze nini kiliharibika na nini hakikuharibika. Nataka orodha zote mbili.

Msalimie mkeo. Na umsalimie binti, pamoja na wale wanasesere wanaosubiri.

Shangazi